Uhalisi au kiinimacho: ukiumwa jino, ndani yako kuna nini hasa?

Daktari wa meno alinidunga sindano ya ganzi, akasubiri kidogo, kisha akabonyeza ufizi kwa kile chuma chake chenye ncha. "Unasikia maumivu?" Nikatikisa kichwa. Kuna kitu nilikuwa nakisikia: msukumo, uzito, kama mtu anayesukuma kabati chumba cha pili. Ila hakikuuma. Saa moja kabla, jino lilelile lilikuwa limenifanya nishindwe hata kuongea. Nikiwa nimelala pale mdomo wazi, taa machoni, nikaanza kujiuliza: hicho kilichoondoka ni kitu gani? Kama ni kitu, kilikuwa wapi? Na kama si kitu, mbona nilikuwa tayari kutoa chochote ili kiondoke?

Swali hilo lina pande mbili kubwa katika falsafa ya leo, na nusu upande wa tatu unaojikalia katikati. Wahalisia wanasema kuhisi kwa ndani ni kitu halisi, tena pengine ndicho kitu pekee tunachokijua bila shaka. Wenzao wanasema kuhisi huko, kwa namna tunavyokuelewa, ni kiinimacho: ubongo unatuonyesha kitu ambacho hakipo. Nimezisoma pande zote mbili kwa miaka, nimehama mara moja, na nusura nihame tena. Hapa naziweka sambamba kwa ajili ya anayetaka kuchagua pa kusimama. Mimi mwenyewe nina upande, na nitausema, ingawa mguu mmoja bado uko nje.

Kisichogombaniwa

Neno "fahamu" limebeba mizigo mingi. Aliyezimia amepoteza fahamu, aliyezinduka amerudiwa na fahamu, na mwanafunzi aliyeelewa somo naye amefahamu. Hakuna upande unaokana lolote kati ya haya. Ukisikia mtu anasema "kuna wanafalsafa wanaodai hatuna fahamu", ujue ama amesoma vichwa vya habari tu, ama anamchokoza mtu.

David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, aliutenga ugomvi vizuri mwaka 1995. Kuna maswali aliyoyaita mepesi: ubongo unachujaje taarifa, unatofautishaje usingizi na kukesha, unawezaje kutoa habari za kilichomo ndani yake. Mepesi kwa jina tu, maana yanaweza kutumaliza karne nzima, ila tunajua namna ya kuyaendea: tafuta mtambo unaofanya kazi hiyo. Halafu kuna swali gumu. Kazi zote hizo zikishaelezwa, kwa nini zinaambatana na kuhisi? Kwa nini mambo hayaendi gizani tu, kama yanavyoenda ndani ya kikokotoo?

Mwanafalsafa Thomas Nagel alikuwa amelisema kwa mfano wa popo mwaka 1974. Unaweza kujua kila kitu kuhusu mwangwi, masikio na neva za popo, na bado usijue ikoje kuwa popo. Na mapema zaidi, mwaka 1714, mwanafalsafa wa Ujerumani, Leibniz, alitutaka tuufikirie mtambo wenye uwezo wa kuwaza na kuhisi, ukuzwe hadi uweze kuingia ndani yake kama unavyoingia kwenye kinu. Humo utaona vipande vinavyosukumana. Kuhisi hutakuona popote.

Hiyo "ikoje", ule wekundu wa nyekundu na ule uchungu wa uchungu, ndiyo wataalamu wanayoiita kwalia. Ugomvi wote ni kama ipo au haipo.

Wahalisia: kitanda usichokilalia

Mwaka 1641 mwanafalsafa wa Ufaransa, Descartes, aliamua kutilia shaka kila kitu. Huenda dunia nzima ni ndoto, au hila za pepo mwovu. Akakuta kitu kimoja kinachogoma kutiliwa shaka. Huenda hakuna moto unaompa joto, lakini kwamba anaona joto, hilo haliwezi kuwa uongo. Takriban miaka mia sita kabla yake, Ibn Sina alikuwa ametutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani, hana habari ya kitu chochote cha nje wala cha mwili wake. Mtu huyo, alisema, bado angejua kwamba yupo. Malengo ya wawili hawa hayakuwa sawa, ila wote wanakuvuta mahali pamoja: anza na kilicho karibu nawe kuliko vyote.

Hoja ya kisasa inayotajwa mno ni ya mwanafalsafa Frank Jackson, ya mwaka 1982. Kuna mtaalamu, Mary, aliyelelewa katika chumba cheusi na cheupe, naye anajua kila ukweli wa kisayansi kuhusu rangi: mawimbi ya mwanga, jicho, neva, ubongo, yote. Siku moja anatoka nje, anaona kitu chekundu kwa mara ya kwanza. Je, amejifunza jambo jipya? Wengi hujibu ndiyo bila kusita. Basi, anasema Jackson, kuna ukweli ambao sayansi yote ya maumbile haikuwa nao. Sisi tuna methali iliyokwisha kusema hivyo kwa maneno machache: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ile nyingine, adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ni kali zaidi, maana inasema wa nje hatajua kamwe.

Kisha wapo mazombi. Si wale wa sinema. Zombi wa Chalmers, katika kitabu chake cha mwaka 1996, ni pacha wako atomi kwa atomi. Anasema "naumwa", anashika shavu, anapiga simu kwa daktari wa meno, ila ndani yake hakuna kuhisi kokote. Kama mtu wa namna hiyo anawezekana, hata kwa nadharia tu, basi kuhisi ni jambo la ziada juu ya atomi.

Nguvu ya upande huu ni kwamba haukuombi uamini chochote kigeni. Unaanza na ulichonacho. Galen Strawson, mmoja wa wakali wake, aliandika mwaka 2018 kwamba kukana kuhisi kwa ndani ndilo dai la kipuuzi kuliko yote yaliyowahi kutolewa, na aliposema "yote" alimaanisha yote, hata ya dini humo humo.

Bei yake huja baadaye. Kama kuhisi ni halisi na si kazi tu ya ubongo, kunaingiaje duniani? Binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia Descartes mwaka 1643 akimuuliza nafsi isiyo na umbo inawezaje kusukuma mwili. Nimesoma majibu ya Descartes mara kadhaa. Anazunguka. Miaka karibu mia nne baadaye bado wafuasi wake wanazunguka, kwa adabu zaidi.

Wapo wahalisia waliochoka kuzunguka wakachukua njia ya kushangaza: kuhisi kumo katika kila kitu tangu mwanzo, hata ndani ya elektroni kuna chembe ndogo mno ya kuhisi. Strawson mwenyewe aliitetea njia hii mwaka 2006, na leo si ya kuchekwa tena kwenye vyuo vikuu. Shida yake ni ya hesabu ya kujumlisha. Chembe mabilioni za kuhisi zinaunganaje kuwa jino moja linalokuuma wewe? Watu mia wakikaa chumba kimoja, kila mmoja na wazo lake, halizaliwi wazo la mia na moja lenye mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo wahalisia hawapendi kukumbushwa: Jackson, baba wa Mary, baadaye aliikana hoja yake mwenyewe. Alikuja kuona kwamba tukikubali ulimwengu unajitosheleza kwa sababu za kimaumbile, basi ile hisia kwamba Mary amejifunza ukweli mpya lazima iwe inatudanganya mahali fulani.

Upande wa pili: usione vyaelea

Daniel Dennett, mwanafalsafa wa Marekani aliyefariki Aprili 2024 akiwa na miaka 82, alitumia maisha yake kusema jambo moja kwa namna nyingi. Mwaka 1988 aliandika makala ya kuifuta kwalia, na mwaka 1991 kitabu kizima cha kueleza fahamu bila kuihitaji. Keith Frankish alikuja kuipa nadharia hii umbo na jina lake la sasa mwaka 2016. Methali ingewafaa hawa wote: usione vyaelea, vimeundwa.

Dai lao lisikilizwe kama linavyosemwa, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Hawasemi huumwi. Wanasema kuna hali ya ubongo inayokukamata, inayokukunja uso, inayokunyima usingizi na kukupeleka kwa daktari. Hiyo ipo. Kisichokuwepo ni kile kitu cha ziada unachodhani unakiona ukijitazama ndani: uchungu mtupu, wa faragha, usioelezeka, unaosimama peke yake nyuma ya hayo yote. Mfano wao ni mazingaombwe. Mwanamke jukwaani anakatwa kwa msumeno vipande viwili, kisha anainuka mzima. Mtu mwenye akili haulizi "mwili uliungana vipi tena?" Anauliza "tulifanywaje tuone kwamba umekatwa?" Hilo swali la pili lina jibu. La kwanza halina, kwa sababu hakuna aliyekatwa.

Mtu akiniambia haoni mantiki hata chembe katika hili, humpa jaribio la dakika mbili. Chukua kalamu kadhaa za rangi tofauti, changanya bila kuangalia, toa moja. Kaza macho mbele, kwenye nukta ukutani, uyazuie yasiteleze. Sasa ilete kalamu polepole kutoka pembeni kabisa, usawa wa sikio, mkono umenyooka. Utaanza kuona kitu kinatikisika. Rangi? Hujui. Isogeze. Bado hujui. Itabidi uisogeze mbele kuliko ulivyotarajia ndipo useme kwa hakika ni ya kijani au nyekundu, na ukitaka kusoma maandishi yaliyo juu yake itabidi ifike karibu katikati. Haya, shusha mkono, tazama chumba. Si kinaonekana chote kina rangi, hadi kingo? Kinaonekana hivyo. Na umetoka kuthibitisha kwamba sivyo.

Mifano ya maabara ipo tele. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video, wakawapa kazi ya kuhesabu pasi za mpira, na karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji. Mwaka 2005 watafiti wa Sweden, Petter Johansson na Lars Hall pamoja na wenzao, waliwapa watu picha mbili za nyuso wachague iliyowavutia, kisha kwa ufundi wa mkono wakawakabidhi ile ambayo hawakuichagua na kuwauliza sababu. Mara nyingi watu hawakugundua. Wakaeleza kwa kujiamini kwa nini walimpenda mtu ambaye hawakumpenda.

Haya yanaonyesha kwamba ripoti zetu za mambo ya ndani si hati ya mahakama. Hayaonyeshi, peke yake, kwamba hakuna kitu ndani. Kuhukumu vibaya ukubwa wa nyumba si ushahidi kwamba hakuna nyumba. Naona wafuasi wa Dennett wakiruka hatua hii kila mara, nao wakishikwa husema walikuwa wanaandaa tu mazingira.

Hoja yao nzito ni nyingine, na inatumia silaha za adui. Rudi kwa zombi. Pacha wako asiye na kuhisi anafanya kila ufanyalo, kwa sababu zilezile za kineva. Akifika kwenye mjadala huu naye atasema: "Siwezi kukosea kwamba nahisi. Hili ndilo jambo ninalolijua kuliko yote." Atayaandika kwa uchungu. Atagonga meza. Na kwake ni uongo mtupu. Sasa, mdomo wako na mdomo wake vinasukumwa na neva zilezile. Basi hata wewe, unaposema unahisi, kinachokusemesha si kuhisi. Ungesema vivyo hivyo hata kama hukuwa nako. Ushahidi wako uko wapi?

Nilipoielewa hoja hii mara ya kwanza nilikaa kimya kitambo. Chalmers mwenyewe hajaikwepa. Mwaka 2018 aliliita swali la juu ya swali: kwa nini tunasema kuna swali gumu? Alikiri kwamba hapo ndipo watu wa kiinimacho wana nguvu zaidi, akabaki mhalisia. Hilo lilinifundisha kitu kuhusu Chalmers kuliko kuhusu fahamu.

Yote yamekaa kwenye neno "naona"

Jibu la mhalisia hujulikana. Kiinimacho kinahitaji mtazamaji. Mazigazi jangwani si maji, sawa, lakini kuonekana kwa maji kupo. Ukija kwenye kuhisi, kuonekana ndiko kitu chenyewe. Likionekana linauma, linauma. Mwanafalsafa John Searle alimrushia Dennett hoja hii hadharani mwaka 1995, na sijaona tangu hapo iliyo fupi na kali zaidi yake.

Je, inamaliza kesi? Hapa lugha yetu inasaidia kuliko zile zilizouanzisha ugomvi. Tazama kitenzi "kuona". Naona mti: macho. Naona baridi, naona aibu, naona kizunguzungu: kuhisi. Naona tuahirishe kikao: hukumu tu, wala hakuna kinachohisiwa. Kitenzi kimoja, kazi tatu, na hatuchanganyikiwi kwa sababu muktadha unatuelekeza.

Mtu wa kiinimacho anasema kosa la Searle limo humo. "Naona kama linauma" kwake ni ya aina ya tatu: ubongo umehukumu, umejiandikia taarifa kwamba ndani yake kuna kitu cha ajabu kiitwacho uchungu. Hukumu inaweza kuwa ya uongo. Nayo haihitaji uchungu wa ziada ili ifanyike, kama vile "naona tuahirishe" haihitaji picha yoyote ya kikao kilichoahirishwa. Mhalisia anajibu kwamba ni ya aina ya pili, na kwamba mwenzake ameficha aina ya pili ndani ya ya tatu, kisha anajifanya haioni.

Ukitaka kuchagua, usihangaike na mazombi wala popo. Kaa na sentensi hii moja: "naona kama jino linauma". Jiulize kama unaweza, kwa dhati, kuisoma yote kama hukumu bila masalia. Ukiweza, hata kwa sekunde tano, mlango wa Dennett umefunguka. Usipoweza, hakuna hoja itakayokuvusha, na hiyo haimaanishi una kichwa kigumu.

Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, alizoea kuwakumbusha wenzake kwamba kuna matatizo ya falsafa yanayopoteza makali ukiyatafsiri katika lugha yako mwenyewe. Nimejaribu kwa hili, na matokeo ni nusu kwa nusu. "Naona" ya Kiswahili inanionyesha jinsi kuteleza kunavyowezekana. Lakini "naumwa" imegoma kupoteza makali.

Wa katikati, kwa ufupi

Wanafalsafa U. T. Place mwaka 1956 na J. J. C. Smart mwaka 1959 walipendekeza kwamba kuhisi ni halisi, ila ni tukio la ubongo tu, kama radi ilivyo umeme na si kitu kingine juu ya umeme. Wengi wanaojiita watu wa sayansi husimama hapa bila kujua majina hayo. Ni mahali pazuri pa kupumzika. Shida ni kwamba wahalisia wanakuuliza kwa nini umeme huu unahisi na ule wa ukutani hauhisi, na watu wa kiinimacho wanakuuliza hiyo "halisi" yako inaongeza nini ikiwa umeshaivua kila sifa ya ajabu. Frankish anaona kwamba kwalia iliyopunguzwa makali namna hiyo ama inarudi kuwa kali ama inayeyuka. Nakubaliana naye.

Kinachobadilika ukichagua

Maabarani, karibu hakuna. Mwaka 1998, Bremen, Ujerumani, mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya wazi ya fahamu katika ubongo ingekuwa imepatikana. Juni 2023, New York, Koch alikubali ameshindwa na kumkabidhi mwenzake mvinyo. Watazamaji walishangilia kama vile uhalisi umeshinda. Haukushinda. Dau lilihusu kupatikana kwa alama, na alama hiyo ingepatikana leo, kila upande ungeichukua na kusema ni yake.

Ukitaka kujua wenye kazi wamesimama wapi: katika uchunguzi wa maoni wa PhilPapers, hifadhi ya mtandaoni ya maandiko ya falsafa, wa mwaka 2020, takriban asilimia 62 ya wanafalsafa walioulizwa walikubali au kuelekea kukubali kwamba swali gumu lipo, na kama asilimia 30 walikataa. Walioelekea kuifuta kabisa fahamu ya aina hii walikuwa kati ya 4 na 5 kwa mia. Usichague kwa kura, ila ujue kwamba ukienda upande wa pili utakula peke yako mara nyingi.

Kwenye maadili mambo ni tofauti. Wengi wetu tunaona ubaya wa kumtesa mnyama unatokana na kwamba anahisi. Mhalisia anabaki na hilo, ila anapata tatizo la kujua nani anahisi: popo, samaki, kaa, na sasa programu za kompyuta zinazosema "naumia" zikiambiwa. Kwake kuna jibu la kweli, ndiyo au hapana, na huenda lisifikike kamwe. Kwa mtu wa kiinimacho swali linapungua uzito na kugeuka kuwa mengi madogo: mnyama huyu anakwepa jeraha? Analikumbuka? Yuko tayari kutoa nini ili liishe? Haya yanapimika. Lakini anadaiwa maelezo: kama hakuna uchungu mtupu popote, mateso ni mabaya kwa sababu gani hasa? Huniambia ni mabaya kwa sababu yanavunja kila kitu mnyama anachotaka. Sawa. Sijui kama inatosha.

Dawa za usingizi na maumivu zinampa hoja hapo. Wapo wagonjwa wanaopewa mofini na kusema maumivu bado yapo, ila hayawasumbui tena. Wapo wenye majeraha fulani ya ubongo wanaotambua kwamba wanachomwa, na wanacheka. Kama uchungu ni kitu kimoja kitupu, unawezaje kuwepo bila kuchukiza? Labda ni mkusanyiko wa kazi nyingi, na tumeupa jina moja kwa mazoea. Mimi mwenyewe, pale kwenye kiti, nilikuwa na msukumo bila uchungu, kana kwamba mtu amefungua fundo na kutoa uzi mmoja.

Basi uchague upi

Kama kinachokusumbua ni dunia kuwa na mambo mawili yasiyoungana, roho huku na atomi kule, nenda kwa Dennett na Frankish, na uwasome kwa uvumilivu kabla hujakasirika. Kama kinachokusumbua ni kuambiwa kwamba hukijui hata kilicho karibu nawe kuliko pumzi, baki na Nagel na Chalmers, ukijua una deni la Elisabeth ambalo hakuna aliyelilipa. Kama unataka tu kuendelea na utafiti wako wa neva bila usumbufu, keti katikati na Smart, usiulize sana.

Kwa upande wangu, kuhusu rangi nimehamia kiinimacho. Ile kalamu imenishinda. Ule wekundu mtupu niliokuwa nikiulinda ujana wangu wote, kila nikiutafuta naupata umeundwa: matarajio, kumbukumbu, kutofautisha hiki na kile, na ubongo unaojaza mapengo. Kuhusu maumivu bado ni mhalisia. Najua msimamo huu umevunjika katikati. Hoja ya zombi haichagui kati ya rangi na jino, na rafiki yangu mmoja mwenye ulimi mkali ameniambia kwamba mimi ni mhalisia wa vitu vinavyoniuma tu.

Ganzi iliisha usiku, kama saa tatu, nikiwa kitandani na kitabu cha Dennett mkononi, ile sehemu anayobomoa dhana ya uchungu. Kwanza ulimi ulirudi, kisha mdomo wa chini, kisha jino. Nikasoma aya ileile mara tatu. Bado nadhani aya ile ina hoja nzuri. Nikaiwekea alama kwa kukunja ukurasa, nikaamka kutafuta vidonge.